Meshi safi pande zote mbili, kiolesura kibovu: tatizo liko wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninafanya simulesheni ya pampu ya sentrifugali kwa OpenFOAM, programu ya kukokotoa mtiririko wa maji na hewa. Impela, gurudumu linalosukuma maji, ina mapanga 6, inazunguka mara 1,450 kwa dakika, na nimeitenga na voluti, ganda linaloizunguka, kwa kiolesura cha silinda chenye nusu kipenyo cha milimita 100. Pande hizo mbili nimeziunganisha kwa cyclicAMI, mpaka wa OpenFOAM unaounganisha meshi zisizolingana. Ripoti ya ubora wa meshi, yaani mtandao wa seli ndogo za hesabu, haina onyo lolote, si upande wa impela wala wa voluti, lakini programu inasema uzito wa chini kabisa kwenye kiolesura, yaani kipimo cha jinsi nyuso za pande mbili zinavyofunikana, ni 0.3. Picha ya kasi inakatika ghafla pale kwenye silinda. Tena nikipunguza ukubwa wa seli za impela, kimo ambacho pampu inainua maji kinazidi kuyumba badala ya kutulia. Nimeshauriwa niendelee kuongeza seli. Je, ndiyo dawa?

JIBU: Hapana, usiongeze seli kwanza. Ukiongeza upande mmoja tu unaweza kulikuza tatizo lilelile unalotaka kuliondoa, na hicho ndicho kinachokupata sasa.

Ripoti uliyoisoma inapima seli moja moja pamoja na jirani zake walio ndani ya eneo lilelile. Inaangalia seli imepinda kiasi gani, imerefuka kiasi gani, na mstari unaounganisha vitovu vya seli mbili umeachana kwa nyuzi ngapi na mstari ulio wima kwenye uso wanaochangia. Ikifika kwenye silinda yako inasimama, kwa sababu kwake silinda ni mwisho wa eneo, sawa na ukuta. Ubora wa kiolesura haumo ndani ya seli yoyote. Umo kati ya meshi mbili zilizotengenezwa bila kujuana, na usipoupima wewe mwenyewe, ripoti hii haitakupimia. Kwa hiyo ripoti yako ni ya kweli, ila haikuulizwa swali lako.

Kabla ya kugusa meshi, hakikisha kwamba huo mkatiko kwenye picha ni kosa kweli. Ndani ya impela kuna kasi mbili: ile inayoonekana na mtu aliyesimama nje, na ile inayoonekana na mtu anayezunguka pamoja na mapanga. Kwa mzunguko wako, kwenye nusu kipenyo cha milimita 100, tofauti kati ya hizo mbili ni kama mita 15.2 kwa sekunde. Ukichora kasi ya ndani ya mzunguko upande wa impela na kasi ya nje upande wa voluti, picha lazima ikatike hata kama hesabu haina doa. Chora kasi ya nje pande zote mbili. Kuna jambo la pili: programu za kuchora hugeuza thamani za vitovu vya seli kuwa thamani za pembe za seli kwa kuchukua wastani, na mara nyingi wastani huo haukivuki kiolesura. Kwa hiyo zima ulainishaji, chora thamani za seli zenyewe, kisha chora mstari mmoja unaotoka kwenye impela, unapita kati ya silinda na kuingia kwenye voluti. Mstari huo ndio utakaokuambia kama shinikizo na kasi vinaruka. Wengi hutumia wiki nzima kutengeneza upya meshi ambayo haikuwa na kosa, kwa sababu ya picha tu.

Sasa huo uzito wa 0.3. Huu si wa picha, ni ugonjwa halisi.

Kwa kila uso wa seli ulio upande mmoja wa kiolesura, programu hutafuta nyuso za upande wa pili zinazoulalia, hupima eneo ambalo wanashirikiana, kisha hugawanya kwa eneo la uso wenyewe. Mgawo wa wote ukijumlishwa unapaswa kuwa 1. Ukisikia 0.3, maana yake kuna uso ambao ni asilimia 30 tu ya eneo lake iliyopata mwenzake ng'ambo, na asilimia 70 inaangalia hewa. Lakini hesabu haiwezi kuacha shimo, kwa hiyo uzito ule hugawanywa kwa jumla yake ili ufike 1, na ile asilimia 30 inasemea uso mzima. Hapo ndipo uhifadhi wa masi unapoanza kuvuja: kinachotoka upande mmoja si sawa kabisa na kinachoingia upande wa pili.

Suala hili limefanyiwa kazi muda mrefu. Mwaka 1986, M. M. Rai wa NASA Ames alionyesha namna ya kuvusha mtiririko kwenye mpaka wa meshi mbili zisizolingana bila kupoteza kitu njiani, na akaitumia njia hiyo kwenye hatua za rota (sehemu inayozunguka) na stata (sehemu iliyosimama) za turbini. Mwaka 2011, Farrell na Maddison walichapisha mbinu ya kuhamisha thamani kutoka meshi moja hadi nyingine kwa kukata maumbo yanapokutana, na mwishoni mwa mwaka huohuo toleo la 2.1.0 la OpenFOAM likatoka likiwa na AMI iliyojengwa juu ya wazo hilo. Hisabati yake ni imara. Lakini inachukulia kwamba nyuso za pande mbili zinalala juu ya uso mmoja wa pamoja, na hilo ni juu yako wewe uliyechora.

Angalia uzito wa wastani, si wa chini peke yake. Kama wastani ni 0.999 na wa chini ni 0.3, basi nyuso mbaya ni chache, na nina hakika karibu kamili kwamba zimejipanga kwenye kingo za silinda, pale inapokutana na kuta za mbele na nyuma za impela. Hebu tuitazame kingo hiyo kwa karibu. Tuseme umeweka matabaka membamba ya seli kwenye ukuta, la kwanza likiwa na unene wa milimita 0.02. Ukingo wa voluti ukiwa umeshuka milimita 0.014 tu chini ya ukingo wa impela, uso wa tabaka la kwanza unabaki na milimita 0.006 ya kukutana na mwenzake. Gawa 0.006 kwa 0.02. Ni 0.3. Umbali huo huwezi kuuona kwa macho kwenye skrini, na programu ya kuchora inaweza kuuhesabu kama sifuri ikiwa uvumilivu wake, yaani tofauti inayoipuuza, ni mkubwa kuliko huo. Matabaka membamba yakifika kwenye kiolesura, usahihi unaohitajika kwenye jiometria haupimwi tena kwa ukubwa wa pampu, unapimwa kwa unene wa tabaka la kwanza.

Dawa ya hapo si lowWeightCorrection. Najua watu wengi huiweka 0.2 na kuendelea na safari. Inachofanya ni kuzikatia mawasiliano nyuso zenye uzito ulio chini ya kiwango hicho na kuzipa thamani ya seli yao wenyewe. Ni kinga ya kuzuia hesabu isilipuke, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini kwako haitagusa chochote, maana 0.3 iko juu ya 0.2. Dawa ni kurudi kwenye jiometria: chora mstari mmoja wa ukingo, uutumie huohuo kwa maeneo yote mawili, usichore miwili inayofanana. Kama voluti ni pana kuliko mdomo wa impela, jambo ambalo ni la kawaida, usiache kiolesura cha upande wa voluti kiwe kipana kuliko cha impela. Kikate palepale mdomo unapoishia, na sehemu inayobaki uitangaze kuwa ukuta. Ikiwa kweli kufunikana ni kwa sehemu tu na kunabadilika kadiri impela inavyozunguka, hiyo ni kazi ya cyclicACMI, si ya cyclicAMI.

Kosa la pili nadhani linatoka kwenye faili la STL, lile linalobeba umbo la silinda kwenda kwenye programu ya meshi. STL haina duara. Ina vipande bapa tu. Tuseme silinda yako ilitolewa ikiwa na vipande 36, kila kimoja nyuzi 10. Katikati ya kila kipande, ubapa unaingia ndani ya duara la kweli kwa milimita 0.38. Kama upande wa impela umetolewa na vipande 36 na upande wa voluti nao umetolewa peke yake, pembe za mmoja zikaangukia katikati ya bapa za mwingine, basi sehemu fulani meshi mbili zinaachana kwa 0.38 na sehemu nyingine zinaingiliana kwa kiasi hichohicho. Hata kama zilianza zikiwa zimelingana, impela ikishazunguka nyuzi 5 mambo yanakuwa hivyo.

Ukiwa na seli zenye kina cha milimita 1 kuelekea kwenye kiolesura, pengo hilo ni zaidi ya theluthi ya seli. Si zuri, ila hesabu inaweza kuvumilia. Wewe ukapunguza seli za impela. Kina kikifika milimita 0.3, pengo limekuwa kubwa kuliko seli yenyewe, na uso unaanza kusoma thamani ambayo kijiometria iko upande usio wake. Na kwa kuwa seli mpya zinalazwa juu ya bapa zilezile za STL, kuziongeza hakulirudishi duara. Ndiyo maana kimo chako kinayumba unapoboresha meshi. Ukigawa silinda kwa vipande 120, pengo linashuka hadi milimita 0.034, kwa vipande 360 linakuwa chini ya 0.004. Toa STL upya kwa pembe ndogo, au bora zaidi tumia programu ya meshi inayosoma jiometria yenyewe badala ya bapa. Hili peke yake limewatibu wengi niliowashauri.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa seli. Chukua mfano wa nyuso za milimita 1 upande wa impela na milimita 4 upande wa voluti. Uso mmoja wa voluti unaangaliana na nyuso 16 za impela, na zote 16 zinapokea habari kutoka seli moja. Nyuma ya kila panga kuna mkia wa maji yaliyopungua kasi, na mkia huo ukiwa na upana wa milimita 3, unaingia wote ndani ya seli moja ya voluti na kupotea palepale. Nguvu iliyokuwa kwenye mkia inalainishwa kwa hatua moja, wakati katika maji halisi ingechanganyika polepole kwa umbali mrefu, na hasara unayoisoma upande wa voluti si ya pampu bali ya meshi. Ukipunguza nyuso za impela hadi nusu milimita, sasa ni 64 kwa 1. Umelipa kompyuta zaidi, lakini voluti haijaona chochote kipya.

Mimi pale mikia ya mapanga inapopita sivuki uwiano wa 1.5 kati ya pande mbili, na mahali pengine pote kwenye kiolesura sivuki 2. Naongelea uwiano wa pande zote tatu: upana kuzunguka silinda, urefu kufuata mhimili, na kina kuelekea ndani na nje. Hicho kina husahaulika sana. Nyuso zinaweza kulingana vizuri kabisa huku seli ya impela ina kina cha nusu milimita na ya voluti milimita 5, na hapo makadirio ya thamani kwenye uso yanategemea kitovu kilicho mbali mara kumi.

Matabaka ya ukutani yana adha yake katika hili. Impela ikiwa na matabaka 10 kuanzia milimita 0.02, kila moja likikua kwa 1.2, yote kwa pamoja yanafika kama milimita 0.52. Voluti ikiwa haina matabaka na seli yake ya kwanza ina milimita 2, basi tabaka zima la mpaka la impela, kuanzia maji yaliyoganda ukutani hadi yanayokimbia, linakabidhiwa seli moja. Umbo la kasi ulilolijenga kwa gharama linafutika, na modeli ya msukosuko inaanza upya upande wa pili kana kwamba ukuta umeanzia pale. Ukuta unaovuka kiolesura lazima uvuke na matabaka yake: unene uleule wa kwanza, idadi ileile, na ukuaji uleule.

Mahali pa kuweka silinda ni uamuzi wa ubora wa meshi pia, ingawa watu huuona kama wa uchoraji. Mathalani impela yako inaishia kwenye nusu kipenyo cha milimita 95 na ulimi wa voluti, ile ncha ya ukuta wake iliyo karibu zaidi na impela, uko kwenye 105. Silinda ya 100 iko katikati, na hapo umefanya vyema. Mtu anayeiweka kwenye 96 anajikuta matabaka ya ncha za mapanga yamebanwa kwenye milimita moja, yanakatwa kwa ngazi, na seli zilizopinda kuliko zote zinaangukia palepale kwenye mikia. Kwa nafasi ya milimita 5 kila upande, nakushauri ujenge mkanda wa seli za pande sita zilizopangwa kwa safu, angalau safu 4 kila upande, pande zote mbili zikigawanywa 360 kuzunguka. Kila uso unakuwa na upana wa milimita 1.75. Seli za pembetatu na maumbo huria yabaki ndani zaidi, kwenye njia za impela na kwenye tumbo la voluti, ambako jiometria ni ngumu na hayana madhara makubwa. Mkanda huu ni kazi ya saa chache, na faida yake inabaki kwa kila simulesheni utakayofanya na pampu hiyo.

Umbo la kiolesura lazima libaki la mzunguko kamili: silinda, koni, au bapa la duara. Ukiwa na ukingo wowote unaojitokeza, kasi ya mzunguko inapata sehemu inayopenya uso, na hapo hata simulesheni isiyosogeza meshi inatoa mtiririko wa uongo.

Nataka pia ujiulize kama unahitaji meshi mbili zisizolingana. Kama unachofanya ni mzunguko wa fremu tu, yaani impela imesimama kwenye picha na nguvu za mzunguko zinaingizwa kwenye milinganyo, hakuna kinachosogea. Unaweza kutengeneza meshi moja ambayo pande mbili zinachangia nyuso zilezile, halafu ukatangaza seli za impela kuwa eneo linalozunguka. Kiolesura kinageuka kuwa nyuso za ndani za kawaida, uzito haupo, pengo halipo, na ripoti ya ubora inalipima eneo hilo kama mengine. Naipendelea njia hii kila inapowezekana. Kumbuka tu kwamba matokeo yake yanategemea mapanga yamesimama wapi ukilinganisha na ulimi wa voluti, kwa hiyo kimo kikibadilika unapoigeuza impela nyuzi 20, usiilaumu meshi. Na usijaribiwe kuziba tofauti hiyo kwa bapa la kuchanganya linalochukua wastani wa mzunguko mzima. Voluti ina shinikizo lisilo sawa kuzunguka impela, na wastani huo unalifuta.

Kama meshi inasogea kweli, hatua ya muda nayo inaingia kwenye ubora wa kiolesura. Kwa mizunguko 1,450, nyuzi 1 inapita kwa sekunde 0.000115, na kwenye silinda yako hiyo ni mwendo wa milimita 1.75, sawasawa na uso mmoja wa ule mkanda wa 360. Anzia hapo. Nyuso zinarudi kukutana ana kwa ana kila hatua, na kosa la kukadiria linakuwa dogo. Ukiruka nyuzi 5 kwa hatua, mkia wa panga unaruka nyuso tano bila kuziona nne za kati, na shinikizo kwenye ulimi litatetemeka kwa namna isiyo ya maji. Anayetafuta kelele za pampu aende chini ya nyuzi 1, kwa sababu kiolesura kibovu hutengeneza sauti yake chenyewe, na sauti hiyo hujichanganya na ile ya mapanga, ambayo kwako iko kwenye 145 Hz.

Ukimaliza marekebisho, fanya vipimo viwili. Cha kwanza, andika masi inayotoka impela na inayoingia voluti kwenye kiolesura chenyewe, kila upande peke yake, na ulinganishe tofauti yao na masi inayopita pampu. Mimi sikubali zaidi ya sehemu moja kwa elfu. Usilinganishe mlango wa kuingilia na wa kutokea tu, maana suluhisho la shinikizo linaweza kuyalazimisha hayo yalingane huku uvujaji umefichwa katikati. Cha pili ninakipenda zaidi: chukua simulesheni isiyosogea, geuza meshi ya impela kwa nyuzi nusu, rudia hesabu. Kwa fizikia, nyuzi nusu karibu haibadilishi kitu. Kwa kiolesura, imebadilisha kila uso na mwenzake. Kimo kikihama kwa kiasi unachoweza kukiona, mabadiliko hayo yote ni ya kiolesura, na sasa unajua ukubwa wa kosa lako kwa namba.

Kwa hiyo kesho anza na picha ya kasi ya nje, kisha kingo, kisha STL. Mkanda wa seli ujenge baada ya hayo, na kimo ukipime upya kwa kupunguza seli pande zote mbili kwa pamoja, kamwe si upande mmoja. Uzito wa chini ukibaki chini ya 0.9 baada ya kingo kuungana, nitumie picha ya uzito kwenye silinda yenyewe, siyo ile namba peke yake. Mahali nyuso mbaya zilipokaa patatuambia ni jiometria gani haijakubaliana na mwenzake.